Jikoni kwa Larry: hotuba kwa vijana wa bendi

Wanamuziki wenzangu, wadogo zangu, na nyinyi wazazi mliowaruhusu watoto waje kukaa hapa mchana kutwa: asanteni sana. Nimeombwa nizungumze juu ya namna bendi inavyodumu. Mimi ni mpiga besi. Nimelishika gitaa hili miaka 31, nimepitia bendi sita, na katika hizo sita hakuna hata moja iliyo hai leo. Nimewazika wanamuziki wenzangu, na nimezika bendi vilevile, na msiba wa bendi una uchungu wake.

Ndiyo maana leo nawapeleka mbali, Dublin, mji mkuu wa Ireland. Huko kuna bendi iitwayo U2. Vijana wanne walioianza mwaka 1976 wakiwa wanafunzi, ndio haohao wanne waliomo leo. Hakuna aliyefukuzwa, hakuna aliyenunuliwa na bendi nyingine, hakuna aliyekwenda kuanzisha yake kwa hasira. Sisi tuliozoea kuamka asubuhi tukasikia mpiga solo kahama usiku, jambo hilo lazima tulitazame kwa makini.

Ilianza kwa karatasi. Mvulana wa miaka 14, Larry Mullen, mpiga drams, alibandika tangazo kwenye ubao wa shule ya Mount Temple, kaskazini mwa Dublin, kwamba anatafuta wenzake wa kupiga nao muziki. Jumamosi tarehe 25 Septemba 1976 wakafika nyumbani kwao, Artane, wakaingia jikoni. Ndiyo, jikoni, drams zimejaa pale pale, wengine wamesimama na magitaa yao wamebanana. Alikuja Paul Hewson, ambaye dunia inamjua kwa jina la Bono. Alikuja David Evans, ambaye leo anaitwa The Edge, pamoja na kaka yake Dik. Akaja pia Adam Clayton, ana gitaa la besi na ampilifaya yake mwenyewe, na anayataja mambo ya muziki kama mtu aliyekwishazunguka dunia. Kupiga kwenyewe alikuwa bado hajui. Wenzake waligundua baadaye.

Huyu Adam nampenda, na si kwa sababu ya besi peke yake. Alipokuwa mtoto mdogo aliishi Nairobi. Baba yake alikuwa rubani wa East African Airways, lile shirika la ndege tulilokuwa nalo kwa pamoja Waafrika Mashariki, na mwenyewe amewahi kusema kuwa siku zile za Nairobi ndizo zilizokuwa za furaha kuliko zote katika utoto wake. Kwa hiyo mkiisikia besi yake, mjue yule mtoto aliwahi kuchezea udongo wa hapa kwetu.

Tuwatazame hawa watoto kwa karibu. Paul alifiwa na mama yake Septemba 1974, akiwa na miaka 14. Mama alianguka kwenye mazishi ya baba yake mzazi, na baada ya siku chache naye akafariki. Nyumba ikabaki na baba na wavulana wawili ambao hawakujua kulizungumzia jambo hilo. Larry naye alimpoteza mama yake kwa ajali ya barabarani, bendi ikiwa bado changa. Watoto wawili wasio na mama, mmoja anaimba, mmoja anapiga drams nyuma yake. Nilipokuwa kijana nilidhani bendi hushikwa na muziki. Siku hizi nikiwasikiliza wale nasikia watu waliokimbiliana wakati wa kufiwa, na nadhani hapo ndipo palipo na fundo lenyewe.

Na mjue Ireland ya wakati ule ilikuwaje. Kaskazini watu walikuwa wanauana, Wakatoliki na Waprotestanti, na Waingereza wakiwa na jeshi lao pale. Paul baba yake Mkatoliki, mama Mprotestanti. Larry Mkatoliki. David wazazi wake wametoka Wales, Adam kazaliwa Uingereza. Shule yao ilikuwa miongoni mwa chache zilizowachanganya watoto wa madhehebu yote darasa moja. Kwingineko vijana hao wanne wasingekaa hata benchi moja.

Majina walibadilisha mara mbili tatu: kwanza Feedback, halafu The Hype. Machi 1978 wakaamua kubaki wanne. Dik, kaka yake David, alikuwa mkubwa kidogo na yuko chuo tayari, hivyo ilibidi atoke. Sasa sikilizeni alivyotoka. Walifanya onyesho moja wakiwa watano, wakipiga nyimbo za watu wengine. Katikati ya onyesho Dik akateremka jukwaani, akaondoka zake mbele ya watu wote, kwa amani. Kisha wale wanne wakarudi jukwaani kwa jina jipya, U2, wakapiga nyimbo zao wenyewe. Hakuna maneno ya vijiweni, hakuna kunyang'anyana vyombo. Mwezi huohuo wakaenda mji wa Limerick, siku ya Mtakatifu Patrick, wakashinda shindano la vipaji na kupata pauni 500. Mwaka huohuo wakampata meneja, Paul McGuinness, akakaa nao mpaka 2013. Miaka 35 na meneja mmoja!

Na huyu McGuinness ndiye aliyewashauri mapema, bado hawana kitu mfukoni, wagawane sawa kila senti itakayotokana na nyimbo. Ndivyo walivyofanya. Shikeni kasha la albamu yao, someni: muziki ni wa U2. Kwenye muziki halitajwi jina la Bono peke yake wala la Edge peke yake. Hata kama kibao kimeanzia kwenye kidole cha David saa nane za usiku akiwa chumbani kwake, mpiga drams aliyekuwa amelala fofofo anapata fungu lilelile.

Hapa nitasimama kidogo. Bendi yangu ya tatu, ambayo sitaitaja, tulikuwa 11. Tulikuwa na kibao kimoja kilichopigwa redioni asubuhi mpaka jioni. Utangulizi wa kile kibao ulitoka kwenye besi yangu, solo ikatoka kwa mwenzangu mmoja ambaye sasa ni marehemu, na maneno tuliyashona wote kwenye basi tukirudi kutoka mkoani. Kaseti ilipotoka, mtunzi ameandikwa mmoja tu. Hatukugombana. Kila mtu alinyamaza. Mazoezini watu wakaanza kuchelewa, mwingine akasema anaumwa, mwingine akaonekana anapiga ukumbi wa pili. Baada ya miezi saba hapakuwa na bendi. Yule mwenzangu wa solo aliondoka duniani bila jina lake kuandikwa popote, na mimi mpaka leo kibao kile nikikisikia nazima redio. Kwa hiyo nikiwaambia habari ya majina manne kwenye kasha moja, naomba mnielewe.

Turudi Dublin. Mwaka 1980 walisaini na Island Records, kampuni ya Chris Blackwell, ileile ya Bob Marley. Albamu ya kwanza, Boy, walirekodi Dublin na mtayarishaji Steve Lillywhite. Alitaka drams za Larry zivume, basi akazitoa studio akazipanga mapokezi, kwenye ngazi, mahali palipo na kuta ngumu. Tatizo simu ya mapokezi ilikuwa inalia, hivyo ikabidi wasubiri mpaka jioni mhudumu aende nyumbani ndipo warekodi. Nyinyi mnaolalamika hamna studio nzuri, nendeni mkasikilize zile drams za kwenye ngazi.

Mwaka uliofuata walikaribia kuvunjika, na sababu haikuwa pesa. Watatu kati yao, wote isipokuwa Adam, walikuwa kwenye kikundi cha Wakristo, wakaanza kujiuliza kama mtu wa Mungu anaweza kupiga rock. Wakamwendea meneja, wakamwambia wanaacha. Meneja hakuwapinga imani yao. Aliwakumbusha mikataba ya ziara iliyokwishasainiwa na watu wanaowategemea. Wakarudi kazini, na maswali yao wakaja nayo, na kuanzia hapo maswali hayohayo yakawa ndani ya nyimbo zao.

Mwaka 1983 walitoa Sunday Bloody Sunday. Kibao hiki kinahusu Derry, mji wa Ireland Kaskazini, tarehe 30 Januari 1972, askari wa Uingereza walipowapiga risasi waandamanaji na watu 13 wakafa siku hiyo. Larry anakianza na drams za kijeshi, kama gwaride linakuja, na kila mtu anayezisikia anatega sikio ajue wanaelekea upande gani. Hawakuelekea upande wa bunduki yoyote. Jukwaani Bono alibeba bendera nyeupe. Ilikuwa hatari, maana wapo waliotaka kibao kile kiwe chao. Tarehe 8 Novemba 1987 bomu la IRA, kundi la silaha lililotaka Ireland yote iwe moja, liliua watu 11 mjini Enniskillen, kulekule Kaskazini, watu waliokuwa wamekusanyika kuwakumbuka wafu wa vita. Usiku ule U2 walikuwa Denver, Marekani. Walipiga kibao kile, na katikati Bono akawageukia Wairishi wa Amerika waliokuwa wanashangilia mapinduzi wakiwa mbali, akawakemea kwa hasira na kilio mbele ya kamera. Na Mei 1998, siku tatu kabla ya kura ya maoni ya mkataba wa amani wa Ireland Kaskazini, walipiga Belfast, wakawapandisha jukwaani John Hume na David Trimble, viongozi wa pande mbili zilizohasimiana. Bono akaishika mikono yao akaiinua juu, kama Bob Marley alivyofanya Kingston, Jamaika, mwaka 1978 kwa wanasiasa mahasimu Manley na Seaga. Kura ikapita.

Sasa twende Wembley, London, tarehe 13 Julai 1985, tamasha la kuchangia wenye njaa Ethiopia. Hapa naongea kama mpiga besi. Walipangiwa nyimbo tatu. Wimbo wa pili ulikuwa Bad. Katikati Bono akaona wasichana wanabanwa mbele na umati, akawa anaashiria walinzi wamtoe mmoja, hakueleweka vizuri, akaruka mwenyewe. Akashuka mpaka chini kabisa, akamshika yule binti, akacheza naye taratibu. Wale watatu jukwaani hawakumwona tena. Hawakujua kama kaumia, kama kaondoka, kama anarudi. Mkatazame picha zake: besi haikusita, gitaa halikusita, Larry hakunyanyua mkono. Walizunguka palepale karibu dakika 12, muda ukaisha, wimbo wa tatu, uliokuwa mkubwa kuliko yote waliyokuwa nayo, haukupigwa. Walimkasirikia sana. Yeye mwenyewe aliamini ameiharibu bendi. Kumbe dunia nzima ilikuwa imemwona mtu akimkumbatia mtu, na albamu zao zikaanza kununuliwa upya. Mimi namwona zaidi Adam, aliyeendelea kupiga bila kumwona mwimbaji wake.

Mwaka 1987 ikatoka The Joshua Tree, ikauza zaidi ya nakala milioni 25. Ndani yake kuna kibao kiitwacho With or Without You. Hebu nilichukue gitaa hapa. D. A. B. G. Basi. Hizo noti nne, mwanzo wa wimbo mpaka mwisho, Adam anazirudia kwa utulivu kama mtu anayetembea kwenda kisimani. Juu yake David anaweka gitaa linalolia kama limeshikwa pumzi, Larry anachelewa kuingia, na anapoingia kwa nguvu nywele zinasimama. Wapiga besi mliopo hapa: mtu huyu angeweza kuongeza mapambo mia. Hakuongeza. Kibao kikafika namba moja Marekani.

Baada ya hapo wakachoka na sauti yao wenyewe. Mwishoni mwa Desemba 1989, jukwaani Dublin, Bono aliwaambia mashabiki kwamba inabidi waende zao wakaote kila kitu upya. Oktoba 1990 wakaenda Berlin, siku zile Ujerumani mbili zinaungana, wakaingia studio ya Hansa karibu na ulipokuwa ukuta uliougawa mji ule. Wakakuta ubaridi, na wao kwa wao wamegawanyika. Bono na Edge wanataka midundo ya mashine, muziki wa kucheza. Larry na Adam wanataka bendi. Larry akaanza kujiona hana kazi, mashine zimemchukulia nafasi. Ndoa ya David ilikuwa inavunjika. Wiki zikapita hakuna kinachokamilika. Siku moja David alikuwa anajaribu vipande viwili tofauti vya gitaa vya kutengenezea daraja, yaani kipande cha kati, la wimbo mwingine. Daniel Lanois, mmoja wa watayarishaji, akamwambia: hebu viunganishe. Akaviunganisha. Wakaingia wote wanne, Bono akaanza kuimba maneno yasiyoandikwa popote, na kwa dakika chache wakawa na One. Wimbo unaongelea watu wasiofanana ambao hata hivyo lazima wabebane. Wengi wanauchezesha harusini, lakini ulizaliwa na watu wanne waliokuwa karibu kuagana. Albamu yake, Achtung Baby, ilitoka Novemba 1991, na haifanani na chochote walichokuwa wamekifanya kabla.

Sydney, tarehe 26 Novemba 1993. Adam alikunywa pombe mpaka akashindwa kupanda jukwaani. Fundi wake wa besi, Stuart Morgan, akapiga badala yake. Kwetu mtu angefukuzwa usiku ule, vyombo vyake vikatupwa nje ya lango. Wao walimpa nafasi, na kesho yake alipanda jukwaani akapiga. Baadaye pombe aliiacha kabisa, na mwenyewe ameeleza hadharani jinsi wenzake walivyokuwa naye katika safari hiyo. Nimewaona wapiga ala wazuri kuliko mimi wakifia kwenye chupa huku bendi inatafuta wa kuziba pengo. Usiku ule wa Sydney naukumbuka kila ninapokwenda kuwazika.

Sitaki kuwaficha mabaya yao. Mwaka 2006, serikali ya Ireland ilipoweka kikomo kwenye msamaha wa kodi za wasanii, walihamishia Uholanzi sehemu ya biashara ya nyimbo zao ili walipe kodi ndogo. Wakati huohuo mwimbaji wao anazunguka kwa marais akiomba fedha za umma kwa ajili ya maskini. Wairishi wenzao waliwalaumu, na mimi nasema lawama hiyo ilikuwa ya haki. Mwaka 2014 waliingiza albamu nzima, bila kuwauliza wenyewe, kwenye akaunti za wateja wapatao milioni 500 wa iTunes, duka la muziki la mtandaoni la Apple. Watu walikasirika kukuta muziki ambao hawakuuomba, na Bono akaomba radhi. Na juu ya siasa zake, hata ndani ya bendi haikuwa rahisi. Kupiga picha na viongozi ambao wenzake hawakuwapenda kuliwakera. Lakini alikuwa miongoni mwa waliopigania nchi maskini zisamehewe madeni, na Tanzania ilipata msamaha huo mwaka 2001, wakati uleule ada ya shule ya msingi ilipofutwa. Juni 2007 alikuwa Arusha, ukumbini, mwandishi wa Uganda Andrew Mwenda alipoishambulia misaada ya nje, na Bono hakunyamaza kitini pake. Kwa hoja yenyewe mimi niko karibu na Mwenda. Ila nilifurahi mabishano hayo kufanyika kwetu, ana kwa ana.

Mengine nayapita haraka. Tuzo 22 za Grammy, zile tuzo kubwa za muziki za Marekani. Ziara yao ya 2009 hadi 2011, maonyesho 110, watu zaidi ya milioni saba, ambayo ilishika rekodi ya tiketi kwa miaka mingi. Fundi wao wa sauti, Joe O'Herlihy wa Cork, yuko nao tangu mwishoni mwa miaka ya 70.

Lakini Slane sitaipita. Agosti 2001 baba yake Bono alikuwa hospitalini Dublin, anaumwa saratani. Bendi iko kwenye ziara ya Ulaya, na mtoto anaimba usiku, kisha anapanda ndege kurudi kukaa kando ya kitanda. Mzee alifariki tarehe 21. Tarehe 25 walikuwa na onyesho kwenye kasri la Slane, watu 80,000. Alipanda. Larry nyuma yake, yuleyule ambaye walianza kuombolezeana wakiwa watoto. Tazameni mkanda wa siku ile, muone wale watatu wanavyomtazama. Wanampigia kama watu wanaobeba jeneza, kila mmoja kwenye kona yake.

Tarehe 29 Septemba 2023 walifungua ukumbi mpya wa Sphere, Las Vegas, ule wa duara wenye skrini mpaka juu ya kichwa. Walipiga maonyesho 40 pale mpaka Machi 2024. Larry hakuwepo. Mwili wake, baada ya miaka yote ile ya kupiga drams, ulihitaji upasuaji na mapumziko. Nafasi yake ilikaliwa na Mholanzi aliye kijana kuliko wao, Bram van den Berg, naye alipiga vizuri. Tangu 1978 walikuwa hawajawahi kupanda jukwaani bila Larry. Bono alimshukuru Bram mbele ya watu, kisha akalitaja jina la Larry, na ukumbi mzima ukalishangilia jina la mtu aliyekuwa nyumbani anauguza mwili.

Mpiga drams, njoo hapa mbele. Wa gitaa, wewe mwenye shati la bluu, njoo na wewe. Mwimbaji atapatikana. D, A, B, G. Nazianza mimi, nyinyi ingieni mkiwa tayari, na asikimbilie mtu.